Mtungi, LUKU na sado: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu pesa ya matumizi ya nyumbani

Malalamiko ya nyumbani yanafanana kuanzia Mbagala hadi Mwanjelwa: gesi imeisha kabla ya siku yake, umeme wa elfu kumi haukufika popote, sado (kopo la kupimia sokoni) ya maharage inapungua ilhali bei ni ileile. Majibu haya ni ya kaya za Tanzania, na hesabu zote zinafuata njia moja: gawanya pesa uliyotoa kwa kilo, lita au uniti uliyoipata kweli. Palipoandikwa bei ya mfano, weka ya mtaani kwako.

Mtungi wa kilo 6 ulikuwa unanifikisha mwezi, sasa wiki tatu tu. Nimepunjwa?

Huenda, lakini pima kwanza. Kila mtungi una uzito wake ukiwa mtupu. Uzito huo umegongwa kwenye ukosi wa juu, karibu na mshikio, baada ya herufi TW. Tuseme imeandikwa TW 7.8. Jumlisha na kilo 6 za gesi unapata 13.8, na huo ndio uzito ambao mizani inatakiwa ionyeshe. Ukiona 12.9, umekosa gramu 900 za gesi, yaani karibu sehemu moja ya sita ya pesa yako.

Soma TW ya mtungi huohuo uliokabidhiwa. Mitungi miwili ya kampuni moja, ya ukubwa uleule, hupishana uzito, na mara nyingi mteja hukosea kwa kubeba kichwani namba ya mtungi wa mwezi uliopita. Pima mtungi bila jiko na bila regulata. Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mizani dukani, kwa hiyo kuomba kupimiwa si ugomvi wala si kumdhania vibaya. Kama gesi inaletwa nyumbani kwa bodaboda, nunua mizani ndogo ya kuning'iniza inayofika kilo 50, upime kabla kijana hajaondoka na mtungi wako mtupu. Akishaondoka, huna tena cha kumwonyesha.

Namba ya TW ikiwa imefutika au imepakwa rangi juu yake, kataa mtungi huo. Hauna njia ya kupimika.

Sili ilikuwa haijaguswa. Bado kuna haja ya kupima?

Ipo. Sili inakuambia kwamba mdomo wa mtungi haujafunguliwa tangu ilipowekwa. Haikuambii nani aliiweka wala alijaza kiasi gani. Wapo wanaohamisha gesi kutoka mitungi mikubwa kwenda midogo uani, kisha wanafunika kwa plastiki inayofanana na ya kiwandani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichukua kwa furaha wakati linatisha: mtungi uliozidi uzito. Ukikuta mtungi wa kilo 6 umezidi kwa nusu kilo au zaidi, usiupokee. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, nacho hutanuka kikipata joto. Kiwandani huacha nafasi tupu ya takriban asilimia 20 kwa ajili hiyo. Anayejaza kwa kukisia anaimaliza nafasi hiyo, na mtungi ukikaa juani au karibu na jiko la mkaa, kimiminika kinakosa pa kwenda.

Uzito uko sawa. Basi gesi inakwenda wapi?

Inakwenda kwenye saa za moto. Plate ya kawaida ikifunguliwa yote huchoma kati ya gramu 150 na 250 kwa saa, kutegemea ukubwa wake. Kilo 6 ni saa 24 hadi 40 za moto mkali, basi. Nyumba inayowasha moto mkali saa moja kwa siku inaweza kufika mwezi. Inayopika maharage makavu kila siku ya pili haifiki, hata mtungi ungekuwa umejaa sawasawa.

Vinavyokula gesi bila kuivisha chochote ni vichache na vinajulikana. Cha kwanza ni moto mkali baada ya chungu kuchemka: maji yakishachemka hayapandi joto tena, kwa hiyo moto unaobaki mkali unatengeneza mvuke tu. Punguza hadi chakula kitokote taratibu, funika. Cha pili ni moto unaopanda pembeni mwa sufuria. Ukiona ndimi zinalamba ubavu, sufuria ni ndogo kwa plate hiyo. Cha tatu ni upepo wa dirishani au wa barazani.

Cha nne ni moto wa njano. Moto mzuri ni wa bluu. Ukigeuka njano na kuacha masizi chini ya sufuria, gesi haipati hewa ya kutosha na haiungui yote. Zima, acha jiko lipoe, toa kichwa cha plate, zibua matundu kwa sindano au waya mwembamba, osha mafuta yaliyoganda, kausha kabisa kabla ya kurudisha. Angalia pia tundu la hewa chini ya plate: buibui na uji uliomwagika hupaziba.

Uvujaji nao upo, ingawa harufu hukujulisha mapema kwa sababu gesi hutiwa kemikali ya kunuka makusudi. Chukua sabuni ya unga na maji, koroga mpaka ifanye povu, paka kwenye mdomo wa mtungi, kwenye regulata na urefu wote wa mpira. Povu likivimba, panavuja. Kosa la kawaida ni kampira kadogo keusi ndani ya mdomo wa mtungi: kamechanika, kamekauka au hakapo. Rudisha mtungi ubadilishiwe. Usizibe kwa utepe wala sabuni ya mche, na kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Maharage yaloweke usiku kucha, saa 8 hadi 12, umwage maji hayo. Hakuna hatua nyingine ya bure inayookoa gesi nyingi kiasi hicho.

Moto umefifia lakini nikiuinua mtungi bado ni mzito. Ni maji?

Mara nyingi ni baridi. Gesi inapotoka hufyonza joto la mtungi, na mtungi mdogo unaowashwa moto mkali kwa muda mrefu hupoa mpaka unatoka jasho kwa nje. Presha inashuka, moto unanyong'onyea. Asubuhi za Njombe au Lushoto hali hii huja mapema zaidi. Zima, uache upumzike ndani ya nyumba, kisha endelea. Usiulaze chini wala kuutikisa ukiwa na jiko juu yake: ukilala, kimiminika hutoka badala ya mvuke na moto huruka ghafla. Na usiuweke karibu na moto ili upate joto.

Ukiusubiri na bado hauwaki, upime. Mizani ikionyesha kilo nzima juu ya TW, urudishe ukiwa hivyohivyo na udai.

Gesi, mkaa au umeme: kipi nafuu kwa kupikia?

Kilo moja ya gesi ina nishati sawa na uniti karibu 13 za umeme, lakini kwenye jiko nusu hivi ndiyo inayoingia kwenye sufuria. Plate ya umeme hupoteza kidogo zaidi ya theluthi. Jiko la kawaida la mkaa hupoteza robo tatu. Ukikokotoa unapata kanuni ya kukumbuka: kilo 1 ya gesi inapika sawa na uniti 10 za umeme kwenye plate, au sawa na kilo 3 hadi 3.5 za mkaa. Jiko banifu lililotengenezwa vizuri hupunguza mkaa huo hadi kilo 2.5 hivi.

Tuseme gesi ya kilo 6 ni shilingi 24,000, yaani 4,000 kwa kilo. Uniti 10 za umeme wa kawaida ni kama 3,560. Tofauti ni ndogo, na wanaobishana kuhusu plate ya umeme na gesi wanabishana juu ya mia chache. Mkaa unategemea unavyonunua. Ukinunua kopo kopo, pima kopo moja kwa mizani uone unalipa shilingi ngapi kwa kilo. Ikizidi 1,200, gesi ni nafuu kuliko mkaa hata kabla ya kuhesabu muda wa kupepea.

Kinachobadilisha hesabu kabisa ni jiko la presha la umeme, lile lenye kifuniko cha kufunga. Lina wati 1,000, lakini likishapata presha hujizima na kujiwasha lenyewe, na limefunikwa pande zote. Maharage ya familia hutumia karibu nusu uniti, yaani kama shilingi 180. Maharage yaleyale kwenye gesi kwa saa mbili, moto wa wastani, hula gramu 240, karibu shilingi 960. Kwa kunde, makande na kongoro hakuna mshindani. Kwa chapati na kukaanga, gesi inabaki mahali pake.

Nimenunua umeme wa 10,000 nikapata uniti 28. Mwezi uliofuata nikapata chini ya 24. Kwa nini?

Kwa sababu ya kodi ya jengo. Bei ya uniti kwa mteja wa daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida, imekuwa shilingi 292 tangu Aprili 2016. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla 22. Zidisha 292 kwa 1.22 unapata 356.24. Gawanya 10,000 kwa hiyo unapata uniti 28.07.

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikawa 1,500. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, si yanayofuata. Katika 10,000 inabaki 8,500, ambayo ni uniti 23.86. Miezi uliyopita bila kununua nayo inadaiwa: ukirudi baada ya miezi mitatu utakuta zimekatwa zote kwa mkupuo, na hapo ndipo watu hudhani mita imeharibika. Soma risiti yote, si namba 20 za tokeni peke yake. Kila makato yameandikwa.

Mita yangu ni ya D1. Ninunueje?

D1 ni daraja la matumizi madogo. Uniti 75 za mwanzo kila mwezi ni shilingi 100, na 122 ukijumlisha tozo. Kuanzia ya 76 ni 350, yaani 427. Kwa hiyo uniti 75 zote zinakugharimu 9,150, ukiongeza kodi ya jengo 10,650.

Kosa linalowaumiza wengi ni kununua nyingi kwa pamoja wakipata pesa. Mfumo wa LUKU haujali utazitumia lini. Unahesabu ulizonunua mwezi huo. Ukiweka 20,000 siku moja (tuache kodi ya jengo kwanza), utapata uniti 75 kwa 9,150 na nyingine 25 tu kwa pesa iliyobaki. Jumla 100. Ungegawa manunuzi hayo kwa miezi miwili, 18,300 ingekupa uniti 150. Nunua tarehe za mwanzo, usizidi 75, zinazobaki zinavuka nawe kwenda mwezi unaofuata.

Ukizidi mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1, na kurudi si jambo la siku moja.

Mimi ni mpangaji. Kodi ya jengo inanihusu?

Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Unaikatwa kwa sababu wewe ndiye unayenunua umeme. Andika kila makato, tunza risiti au meseji, na mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya pango: 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Wakati mzuri wa kulisema ni kabla ya kusaini mkataba. Jengo moja lenye mita kadhaa halitakiwi kulipishwa kwenye kila mita. Mwenye nyumba apeleke namba za mita zote kwenye mamlaka inayokusanya kodi hiyo ili ibaki kwenye moja.

Tunachangia LUKU moja wapangaji wanne. Tugawane vipi bila kugombana?

Kugawana sawa kwa vyumba kunamwonea mwenye taa mbili na redio. Kugawana kwa idadi ya vifaa kunaleta upelelezi wa nani ana pasi. Weka sabmita kwa kila chumba, fundi aifunge baada ya breka ya chumba hicho, na muisome pamoja siku ileile kila mwezi.

Bei ya uniti msiitoe kichwani. Jumlisha pesa yote iliyonunua umeme mwezi huo, toa kodi ya jengo, gawanya kwa uniti zilizoingia. Kwa T1 itatoka kama 356. Kila mmoja azidishe uniti zake. Jumla ya sabmita zote itakuwa ndogo kuliko mita kuu, kwa sababu taa ya korido, ya choo na pampu ya maji hazipiti kwenye sabmita ya mtu. Tofauti hiyo ndiyo inayogawanywa sawa. Ikizidi sehemu ya kumi ya umeme wote, kuna waya uliounganishwa kabla ya sabmita, au sabmita moja ni mbovu.

Kumbukeni pia kwamba familia nne kwenye mita moja ya D1 zitaipasua ile 75 ndani ya siku kumi. Mwenye nyumba akikubali, mita ya pili ya TANESCO hujirudishia gharama yake.

Nitajuaje kifaa kinachonimalizia umeme?

Tazama taa nyekundu kwenye mita. Pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, maana yake taa ikiwaka mara hizo, uniti moja imekwisha. Zima kila kitu, acha kifaa kimoja, hesabu sekunde kati ya mwako na mwako. Chukua 3,600,000, gawanya kwa namba ya mita, kisha gawanya kwa sekunde: jibu ni wati. Mita ya 1600 inayowaka kila sekunde 10 inaonyesha wati 225.

Ukizima swichi kuu ya ndani na taa bado inapepesa, umeme unatoka kabla ya nyumba yako. Ita fundi mwenye leseni, usipapase mwenyewe.

Vinavyopasha joto ndivyo vinavyokula: hita ya kuogea wati 3,500 na kuendelea, birika 1,500 hadi 2,000, pasi 1,000 hadi 2,000. Dakika kumi za hita ya 3,500 ni zaidi ya nusu uniti kwa mtu mmoja. Pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja. Friji lenyewe halina wati nyingi, lakini haliachi. Fungia karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka. Barafu ikifika nusu sentimita iyeyushe kwa kuzima, si kwa kisu. Sogeza friji mbali na ukuta, liache upana wa kiganja.

Maji ya dumu au ya bomba: tofauti ni kubwa kiasi gani?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Dumu la shilingi 100 linafanya uniti kuwa 5,000. La 200 linafanya 10,000. Linganisha na bei ya uniti kwenye ankara ya jirani mwenye bomba. Majirani watano wakichanga kuunganishiwa, hesabu hurudi haraka.

Mwenye mita naye ajipime: funga mabomba yote usiku, soma mita, isome tena asubuhi kabla mtu hajanawa. Ikisogea, kuna uvujaji. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamwaga karibu lita 20 kwa siku, dumu zima. Tangi la choo ndilo linalojificha zaidi; tia rangi ya chakula au kahawa ndani ya tangi, usivute kwa nusu saa, uone kama rangi imeshuka kwenye bakuli.

Sado ya maharage sokoni ni kilo ngapi?

Sado ni kopo la lita 4, na sado tano ni debe la lita 20. Likipimwa kwa mfuto, yaani juu limesawazishwa, sado ya maharage ni karibu kilo 3 na ya mchele huzidi hapo kidogo. Debe la mahindi la mfuto ni kama kilo 15. Likijazwa kilima hufika 17 au 18. Ndiyo maana "debe" la muuzaji mmoja na la mwenzake si kitu kimoja.

Kopo hupunguzwa kwa njia tatu. Kitako hugongwa kikaingia ndani. Ubavu hubonyezwa. Au ndani huwekwa plastiki au gazeti. Tia mkono ndani kabla halijajazwa, uguse kitako. Angalia pia anavyojaza: nafaka inayomwagwa haraka na kusawazishwa papo hapo hukaa kwa wepesi, na ikitikiswa mara mbili inashuka kidole kizima.

Njia safi ni kununua kwa kilo. Mahali penye sado tu, nunua moja, kaipime duka la jirani lenye mizani, na hapo utajua unalipa kiasi gani kwa kilo kwa muuzaji huyo. Mara moja kwa kila muuzaji inatosha.

Nitajuaje kama mizani ya muuzaji ni ya haki?

Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Kisha angalia mshale ukiwa sinia tupu: uwe kwenye sifuri. Kama sinia limetolewa na bakuli limewekwa, uzito wa bakuli utolewe. Simama mbele ya mizani. Ukitazama kwa ubavu, mshale unaonekana umepita ulipo.

Ukitaka uhakika, beba chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa. Maji hayo ni kilo 1.5, chupa yenyewe ni kama gramu 30. Mizani ikisema 1.7, imezidisha. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, na wengi hawajui mizani yao imelegea springi.

Lumbesa inanihusu nini mimi mlaji? Si tatizo la mkulima?

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuvishwa kilemba juu, inamwonea mkulima kwanza, anayelipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Lakini kilemba kile hakikufikii wewe. Kinapasuliwa njiani, na unachouziwa mjini ni gunia la kawaida kwa bei iliyopangwa juu ya ujazo usiojulikana. Kwa viazi na vitunguu, uliza kilo.

Mkaa una yake: juu ya gunia hupangwa vipande vizuri, chini ni chenga. Agiza limwagwe. Mkaa mzuri ni mzito, ukigonganisha vipande hulia kama vigae. Unaolia dufu una unyevu au ni wa mti laini, na utaisha haraka hata gunia likiwa limefura.

Kununua mahindi ya jumla kunasaidia kweli?

Kunasaidia ukinunua makavu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikauka hadi 13 zinabaki kilo 94. Sita ulizolipia zilikuwa maji, na hayo maji ndiyo huleta ukungu. Kipimo cha bure: tia chumvi kavu vijiko viwili kwenye chupa kavu ya kioo, jaza mahindi hadi theluthi, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta, mahindi bado mabichi.

Hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu, ukikamua hewa na kufunga kila tabaka peke yake. Wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa.

Mashineni, mahindi kilo 20 yakikobolewa hutoa sembe kilo 14 hadi 16. Dona hutoa karibu yote. Pumba ni zako. Zichukue za kuku, au mkubaliane zipunguze gharama ya kukoboa. Wengi huziacha bila hata kuuliza.

Mafuta ya kula: lita au kilo?

Si kitu kimoja. Lita ya mafuta ni kama gramu 910 hadi 920, hivyo dumu la lita 20 lina kilo 18 na kidogo. Ukilinganisha ndoo iliyoandikwa kilo na dumu lililoandikwa lita, zidisha lita kwa 0.92 kwanza. Angalia pia chupa za mililita 900 zinazosimama rafuni sawa na za lita moja.

Mafuta ya kupima ya mia tano mia tano hukuletea bei ya juu kuliko zote. Kama pesa ya dumu haipo kwa mkupuo, majirani wanne wachange dumu moja na wagawane kwa chupa za lita moja zilizojazwa hadi alama moja.

Kibao dukani kinasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ndiyo basi?

Kibao hicho hakifuti haki ya mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye jina la bidhaa na kiasi ulichotoa. Kifaa cha umeme kiwashwe dukani mbele yako, namba yake iandikwe kwenye karatasi ya dhamana, karatasi igongwe muhuri na tarehe. Dhamana isiyo na tarehe haina mwanzo, na muuzaji ataiweka anapotaka.

Nikipunjwa niende wapi?

Vipimo, mizani na uzito pungufu: ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako. Umeme na maji: anza kwa TANESCO au mamlaka ya maji, upewe namba ya lalamiko, na usiporidhika nenda EWURA. Gesi iliyopungua: EWURA au Wakala wa Vipimo. Bidhaa bandia au mbovu: Tume ya Ushindani, au TBS (Shirika la Viwango) kama ni suala la ubora na usalama.

Nenda na kitu mkononi. Kwa mtungi: picha ya TW, picha ya mizani mtungi ukiwa juu yake na sili haijakatwa, na risiti. Kwa LUKU: meseji za manunuzi za miezi mitatu na picha ya mita. Kwa sado au mizani, usiibebe ya mtu. Andika soko, namba ya kizimba na siku, maafisa waende wenyewe wakapime.